Laini Tano kwa Jina Langu

Simu ya kwanza niliikata. Ilikuwa Juni 2024, saa moja asubuhi, nafungua duka langu la vitambaa hapa Morogoro mjini, funguo mkono huu, simu mkono huu. Sauti ya kiume ikasema anapiga kutoka kituo cha polisi mkoani Ruvuma, na kwamba pesa ya mzee mmoja imeingia kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina langu. Nikamwambia, "Kaka, hizo nimeshazizoea, tafuta mwingine." Nikakata. Nilijiona mjanja kweli, hata nikamhadithia jirani yangu wa duka la viatu, tukacheka.

Akapiga tena saa nne. Safari hii hakujitambulisha, alianza kusoma tarakimu polepole, kama mtu anayesoma namba za vocha. Nane za kwanza nilizijua kabla hajazimaliza, maana ni mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Zikafuata tano, zikafuata tano nyingine, kisha mbili za mwisho. Ishirini kamili. Namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inatoka mdomoni mwa mtu nisiyemjua, aliye mbali safari ya kutwa nzima kwa basi. Nikakaa juu ya jora la kitenge.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mzee mmoja alikuwa anajenga, na siku hiyo alitakiwa amtumie fundi wake pesa ya mabati. Ikaingia meseji kutoka namba asiyoijua: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Hakuna mwenye simu nchi hii ambaye hajawahi kuipata meseji ya namna hiyo. Wengi tunaifuta, ila wapo ambao siku hiyohiyo kweli wanadaiwa, na huyo ndiye tapeli anayemwinda. Mzee akatuma shilingi 280,000. Namba iliyopokea, ukitazama usajili wake, mwenyewe ni mimi.

"Mama, mfumo unasema ni wewe," afande akasema. Hakuwa mkali, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi. Akanielekeza niende kituo cha jirani nikaandike maelezo, na nisipoenda watanifuata.

Kabla ya kwenda, jirani wa viatu (yule tuliyecheka naye) akanichukulia simu, akabonyeza *106#, akachagua kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA. Kwa mtandao huo mimi nina laini moja tu, ya biashara. Zikaja namba tano. Nilizinakili nyuma ya kitabu cha risiti, nikizisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja yangu. Tatu sijapata kuziona. Ya tano iliishia na 71, nayo ndiyo aliyoitaja afande. Niliiangalia ile 71 nikahisi kitu, kama unapokutana na mtu sokoni unajua unamfahamu ila jina halikuji. Lakini kichwa kilishawaka moto, na tayari nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mwaka 2022 niliibiwa mkoba kwenye daladala. Simu, pesa kidogo na kadi ya NIDA vyote vikaenda. Biashara yangu nzima ilikuwa kwenye ile laini, wateja wananitumia oda na malipo humo, kwa hiyo nilitaka irudi siku hiyohiyo. Duka la mtandao lilikuwa na foleni mpaka nje. Pembeni pale, chini ya mwavuli, kulikuwa na kijana mwenye fulana safi, meza ndogo, simu na kile kimashine cha kusoma alama za vidole. "Dada, kurudisha laini? Dakika mbili." Namba yangu ya NIDA naijua kwa moyo, nikamtajia. Nikaweka kidole gumba.

"Hakijasoma dada."

Akakichukua kidole changu, akakifuta kwa pindo la fulana yake, taratibu, kwa heshima, kama anafuta miwani ya mama yake. Nikaweka tena. "Mtandao unasumbua." Tena. "Kidogo tu, bonyeza kwa nguvu." Tena. Kila mara anaangalia kioo cha simu yake, anaandika kitu, anatikisa kichwa. Kioo chenyewe kilielekea kwake, mimi naona mgongo wa simu tu. Nilibonyeza mara nne. Laini yangu ikarudi, nikamshukuru, nikamwachia mia tano ya soda.

Mara nne. Laini moja yangu na tatu nisizozijua. Hesabu hiyo nilikuja kuipiga miaka miwili baadaye, juu ya kitabu cha risiti, na sikuhitaji kikokotoo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tuliambiwa sana kwamba sasa matapeli basi, kwa sababu kidole hakiibiwi. Kweli hakiibiwi, ila kinaombwa, na ukiwa na haraka unakitoa mwenyewe mara nne na soda juu.

Hayo yote niliyamwaga kituoni mbele ya mpelelezi, nusu saa nzima, pamoja na pindo la fulana. Aliandika kila neno kwa mwandiko mzuri wa kizamani. Nilipomaliza akavuta karatasi nyingine, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii inayoishia 71 ilisajiliwa Januari 2020, mama. Mwavuli wako ni wa 2022."

Hapo jina likaja.

Januari 2020 wengi mnaikumbuka. Laini zote zisizosajiliwa kwa vidole zilikuwa zifungwe tarehe 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, mwisho ukawa tarehe 20 Januari. Foleni za NIDA zilianza kabla ya alfajiri. Nilikuwa na kijana ananisaidia dukani, mtoto wa Kilosa, mwaminifu ambaye hata sindano ikidondoka anakuonyesha. Alikwenda kupanga foleni mara tatu, namba yake ikawa haijatoka. Mama yake anaumwa huko kijijini na simu ndiyo mawasiliano pekee. Nikamwambia, "Twende, nitaweka mimi kidole, ukipata namba yako utabadilisha." Tulitembea mpaka duka la mtandao, nikaweka kidole, kikasoma mara moja. Niseme ukweli, nilirudi nikiwa na furaha. Nimemwokoa mtoto wa watu.

Namba yake ilikuja kutoka baadaye, akajisajilia laini nyingine, ile ya zamani ikabaki na jina langu. Hakuna aliyekumbuka. Mwanzoni mwa 2023 serikali ilituambia tuhakiki laini zetu na kuzikana zile tusizozitambua, kabla ya tarehe 13 Februari. Meseji zilinijia zaidi ya moja. Nilizifuta pamoja na matangazo ya kubashiri mpira.

Kumpata kijana kulinichukua siku mbili. Yuko Ifakara siku hizi, analima mpunga. "Shikamoo mama!" kwa furaha ya mtu ambaye hajui anachoulizwa. Nikamwuliza ile laini iko wapi. Akanyamaza muda, mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema alipokuwa anaondoka alikwama nauli pale stendi ya Msamvu, akauza simu kwa mtu wa kwanza aliyekubali bei, na laini ikiwa ndani. Hakuona ubaya, kwake ilikuwa laini ya zamani isiyo na kitu. Aliiuza shilingi 25,000, simu na jina langu pamoja.

Sikumgombeza, ningemgombeza kwa lipi? Nami nikimpa nilidhani natoa laini tu. Alhamisi yake akapanda gari mwenyewe, akaja kuandika maelezo, na mpelelezi akaniambia pembeni kwamba wengi wakipigiwa simu kama ile huzima moja kwa moja.

Sikushtakiwa. Niliripoti kituoni mara mbili zaidi, jalada likahamia huko kwenye tukio, na pesa ya mzee haikupatikana. Ilishatolewa kwa wakala saa ileile iliyoingia. Nilichojifunza pale kwenye benchi la polisi ni kwamba karatasi zenye tarehe zinasema kuliko machozi. Mkoba ulipoibiwa mwaka 2022 sikwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu. Niliona usumbufu, namba si naijua kichwani! Kadi nikaja kuiombea nyingine baadaye kabisa. Kwa hiyo kwa miezi mingi kadi yenye picha na sahihi yangu ilikuwa mkononi mwa mwizi na hakuna popote palipoandikwa kwamba haiko kwangu. Mpelelezi aliniuliza hilo swali moja kwa moja: una uthibitisho gani kwamba uliibiwa? Nilikuwa na jirani wa viatu tu.

Zile laini tatu za mwavuli nilikwenda kuzifunga dukani kwa mtandao wenyewe, kadi mkononi. Dada wa kaunta akaniambia niweke kidole kuthibitisha. Nikamwuliza, "Mara ngapi?" Akacheka, akadhani natania. Nikamwomba ageuze kioo niangalie, akageuza, hakuona shida yoyote. Tangu siku hiyo naomba kioo kigeuzwe popote, na wa halali wanageuza. Kidole kikigoma kusoma mara ya pili, naondoka zangu, narudi siku nyingine. Jioni ile nikaangalia na kwenye laini yangu ya mtandao wa pili. Huko palikuwa shwari.

Wiki ile ile, nikiwa bado na joto, ikaingia simu namba ya kawaida. Kijana, Kiswahili safi, anajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. "Mama, tumeona ulifunga laini, tunakamilisha uhakiki wa NIDA yako." Alivyojua nimefunga laini sijui mpaka leo, huenda alibahatisha tu. Akauliza jina la kwanza la mama mzazi. Karibu nilitaje. Kisha akauliza shule ya msingi niliyomaliza, na hapo ndipo nilipozinduka.

Maana maswali hayo nayafahamu. Nilipokuwa nasajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, uliniuliza maswali ya aina hiyohiyo kutoka kumbukumbu zangu za NIDA, kuhakikisha ni mimi. Kumbe majibu hayo ni funguo. Na sisi tunavyoyatawanya! Niko kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza shule yetu ya msingi, jina la shule na mwaka ndilo jina la kundi. Mama alipofariki, tangazo la msiba lenye majina yake matatu lilizunguka mpaka kwa watu wasionijua. Namba yenyewe ya NIDA haina siri kubwa, tarakimu zake nane za mbele ni siku ya kuzaliwa, na siku yangu ya kuzaliwa watu wananipongeza hadharani kila mwaka, mwaka wenyewe wakiutaja kwa utani.

Nikamwambia yule kijana wa huduma kwa wateja, "Mwanangu, nipigie kwa namba 100." Mitandao yetu hupiga kwa hiyo. Akanitukana tusi ambalo siliandiki, akakata. Namba yake niliituma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli. Kama ilifungwa sijui, lakini roho ilitulia.

Baada ya hapo nikaanza kuwinda kopi zangu. Hiki ni kipengele ambacho mume wangu anakiita wazimu, na siwezi kumpinga sana. Nilianzia steshenari ninapotoa kopi miaka yote. Nikamwomba kijana wa pale anionyeshe zile nilizoskani. Akafungua folda kwenye kompyuta yake, na mbele yetu ikajaa kadi: nyuso mia kadhaa za watu wa mtaa wetu, mstari kwa mstari, walimu, bodaboda, mama mchungaji, wote wamekodoa macho kama tulivyokodolea siku ya kupigwa picha. Mimi nilikuwamo mara sita. Kijana hakuwa na nia mbaya, hakuwahi tu kufuta. Kompyuta haina neno la siri, na flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa. Alifuta zangu nikimwangalia, nikamkumbusha na lile pipa la kompyuta, akalimwaga. Sasa nikitoa kopi naichora mistari miwili katikati na kuandika kwa peni, juu ya picha kidogo: kopi hii ni ya kufungulia akaunti, na tarehe. Benki hawajawahi kuikataa. Aliyeikataa ni dalali mmoja wa nyumba aliyetaka "kopi safi," nami nyumba yake nikaikataa.

Kwenye mageti ni vita nyingine. Unakwenda ofisi fulani, mlinzi anachukua kadi yako, anaitupa kwenye boksi na za wenzako, anakupa beji ya mgeni. Nilijaribu kumweleza mmoja kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, na ina tume yake kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, sheria ziko juu huko, mimi niko getini." Nikamwachia kitambulisho cha kikundi chetu cha Vikoba, chenye picha yangu ya mwaka 2015 nimevaa wigi. Alikipokea bila neno.

Wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu wanaoshikilia kadi ya mtu mpaka amalize deni, sina cha kuwaambia. Ila binti wa dada yangu alinipa kazi. Alikopa kwenye programu moja ya simu, shilingi 30,000, akajipiga picha ameshika kadi yake chini ya kidevu, akaruhusu programu isome namba zote alizohifadhi. Alipochelewa siku tatu, tukapata meseji ukoo mzima, mpaka fundi wangu wa cherehani, kwamba fulani ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tuliisoma pamoja mimi na yeye, akaikuta yake. Deni alishalilipa. Ila ile picha ya yeye na kadi chini ya kidevu haina pa kuirudisha.

Siku hizi kila mwanzo wa mwezi, nikishalipa kodi ya fremu, nabonyeza *106#. Mpwa wangu wa kiume alipokuja akisubiri namba yake ya NIDA na kuniomba nimsajilie laini "ya muda tu, shangazi," nilimpa simu yangu ya zamani na laini yangu mwenyewe ndani, nikamwambia ukitaka kupiga, piga, ila usiku simu inalala kwangu. Alinuna wiki nzima. Namba yake ilipotoka tulikwenda wote, nikasimama nyuma yake nikihesabu vidole.

Lililobaki kunisumbua lilikuwa yule mzee. Nilimwomba afande aniunganishe na familia yake, akasema atawauliza kwanza. Baada ya miezi kadhaa mtoto wake wa kiume akanipigia, mtu mtaratibu, akaniambia wameshaelewa na hawana kinyongo. Nikamwuliza kwa nini mzee hakusita, meseji za namna ile si zinajulikana.

"Alisita, mama," akasema. "Lakini alipoandika namba, kabla ya kuweka neno la siri, simu ikamletea jina. Majina yako matatu. Akasema aa, mwanamke, basi huyu ni mke wa fundi. Akatuma."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea, kama anayetaka kunichekesha, "Mwezi uliopita nimepata mtoto wa kike. Wenzangu wakataja majina mengi, na lako la kwanza likatajwa, ni jina zuri. Mzee akasema mpeni lolote, isipokuwa hilo."